Uadimu Si Udhuru

Miongoni mwa maneno yanayotamkwa kwa wepesi katika wodi za watoto, na ambayo taathira zake huwa nzito kuliko matamshi yake, ni neno nadra. Mzazi huambiwa, baada ya majuma ya kuhangaika huku na huku, kwamba maradhi ya mwanawe ni ya nadra mno, naye hulipokea neno hilo kana kwamba ni hukumu isiyokuwa na rufaa wala mtu wa kuulizwa. Mimi, niliyeitumia sehemu kubwa ya umri wangu wa kazi kuwapasua watoto waletwao kutoka pande za Ziwa Victoria, kutoka Mbita na Ndhiwa, Nyatike na Kuria, siridhiki hata kidogo na matumizi hayo. Shauri langu katika safu ya leo ni hili: aghalabu maradhi adimu ya upasuaji kwa watoto hayamhitaji bingwa ili yatambulike. Hujidhihirisha kwa rangi na kwa saa, mbele ya macho ya mama na mkunga, katika siku chache za mwanzo wa uhai. Na mtoto tunayempoteza, mara nyingi tumempoteza kabla hajafika penye kisu, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyefundishwa kutazama.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayofichua siri ya jambo lenyewe. Maradhi ya Hirschsprung, ambayo kwayo sehemu ya mwisho ya utumbo mpana huumbika bila chembe za neva za kuuamuru ulegee, humpata takriban mtoto 1 katika kila 5,000 wanaozaliwa hai. Na hitilafu ya kuzaliwa bila tundu la haja kubwa, au likiwa mahali pasipo pake, hukaribia kiasi hicho hicho. Chukua zahanati ya kijijini inayozalisha akina mama 200 kwa mwaka: mkunga wake atakutana na mtoto wa Hirschsprung, kwa wastani, mara moja katika kila miaka 25. Ataajiriwa kijana, atalea wanawe, atawasomesha, na huenda akastaafu asimwone wa pili. Sasa panua jicho. Sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu watu 1,131,950 katika Homa Bay na 1,116,436 katika Migori. Nikikadiria kwa hadhari kwamba kaunti hizo mbili huzaa watoto 60,000 kwa mwaka, basi kila mwezi, tangu Kendu Bay hata Isebania, huzaliwa mtoto mmoja wa Hirschsprung na mwenziwe mwenye hitilafu ya tundu la haja. Ongeza hapo wale ambao matumbo yao hutoka nje kando ya kitovu, wale ambao umio wao haufiki tumboni, wale wenye njia ya nyongo iliyozibika, na wavulana ambao mkojo wao huzuiwa na ngozi ndani ya njia yake. Kila maradhi peke yake ni adimu. Jamaa nzima ya maradhi hayo si adimu asilani.

Katika hesabu hiyo mna funzo ambalo walimu wa tiba hatulisemi vya kutosha. Maradhi ya kila siku hufundishwa na tajriba: muuguzi wa Nyatike hakuhitaji kitabu ili aijue malaria, kwa kuwa malaria imemfundisha yenyewe, asubuhi baada ya asubuhi. Lakini jambo linalomjia mtu mara moja katika miaka 25 haliwezi kumfundisha kwa kurudiarudia. Litamkuta hana habari nalo, litampita, na kumbukumbu yake haitabakiza hata kivuli chake. Zaidi ya hayo, jicho lililozoea kuona kitu kimoja hukiona hata pasipokuwapo. Mtoto mwenye homa, matapishi na tumbo lililojaa, katika ukanda huu wa ziwa, huandikiwa malaria kabla hajateremshwa mgongoni kwa mamaye. Na kipimo kikionesha vijidudu, kama kinavyoweza kuonesha kwa mtoto yeyote wa huku, shauri hufungwa, ilhali malaria na utumbo uliozibika vinaweza kukaa katika mwili mmoja. Kwa sababu hiyo natetea kanuni mahali pa tajriba: mambo machache, yaliyoandikwa, yasiyotegemea bahati ya mtu kuwa amekwisha kuyaona. Nayo nayafupisha katika rangi tatu, nyeusi, kijani na nyeupe.

Nyeusi ni rangi ya choo cha kwanza, kile chenye kunata kama lami. Mtoto aliyetimiza miezi yake hukitoa ndani ya saa 24, na hivyo ndivyo wafanyavyo zaidi ya tisa katika kila kumi. Atakayemaliza saa 48 bila kukitoa ni wa kushukiwa na kuchunguzwa, hata akinyonya na kulala vizuri. Ili msomaji aelewe kwa nini, afikiri kwanza juu ya mtoto akiwa tumboni. Kati ya juma la 5 na la 12 la mimba, chembe za neva za utumbo husafiri kutoka upande wa shingo kuteremka hata mwisho wa utumbo, kama wafanyakazi wanaofunga nyaya kijiji baada ya kijiji. Zikikoma njiani, sehemu iliyobaki huwa na nyama na damu lakini haina amri. Hujikunja isilegee, na kila kitu hurundikana juu yake. Tabibu wa Copenhagen, Harald Hirschsprung, alipowaeleza wenziwe mjini Berlin mwaka 1886 habari za watoto wawili waliokufa na matumbo yaliyofura, alidhani kwamba ile sehemu iliyofura ndiyo iliyo na ugonjwa. Wengi waliomfuata walidhani hivyo, wakaikata sehemu hiyo, na wagonjwa wakarudi vile vile. Hata mwaka 1948 Orvar Swenson na mwenziwe, huko Boston, walipotangaza upasuaji wa kuiondoa ile sehemu nyembamba, ndipo watoto wakapona. Ule utumbo mkubwa wa kutisha ulikuwa mzima, umechoshwa tu na kusukuma. Uliokuwa na hatia ni ule mdogo uliotulia chini, usiomshughulisha mtu.

Naomba radhi nisimulie habari ya mtoto mmoja. Aliletwa kutoka mojawapo ya visiwa vya ziwa, ana miaka mitatu, miguu kama vijiti na tumbo kama ngoma, mishipa ya samawati imetambaa juu ya ngozi yake iliyovutika. Alikwisha kupewa dawa za minyoo mara zisizohesabika, na za malaria zaidi ya hizo. Alikwisha kupelekwa kwa mtaalamu wa sihoho ili atolewe chakula kilichosemwa kuwa kimekwama kwa jicho la mtu. Na alipozidi kukonda, lilianza kunong'onwa nyumbani neno chira, yaani maradhi yanayosemwa kuletwa na kuvunjwa kwa miiko. Nilimwuliza mama swali moja: choo chake cha kwanza alikipata lini? Akajibu papo hapo, bila kufikiri, kwamba ilikuwa siku ya nne, baada ya nyanya yake kumtia kipande cha sabuni. Nikamwuliza kama amewahi kumwambia daktari yeyote. Akasema, "Daktari, hakuna aliyeniuliza." Miaka mitatu jawabu lilikuwa kinywani mwake. Nilipomchunguza mtoto kwa kidole na kukitoa, hewa na choo vilifuata kwa kishindo, naye akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Mama yule tulimfundisha kumsafisha mwanawe kwa mrija laini na maji ya chumvi ya hospitali yaliyopashwa joto la mwili, yakiingizwa kidogo kidogo na kupimwa ili yaliyoingia yatoke yote, wala yasiwe maji matupu kamwe, kwa kuwa maji matupu hunywewa na utumbo, yakaizimua chumvi ya damu, na mtoto akaingia katika kifafa. Nilimtazama siku ya tatu akifanya mwenyewe: mkono mmoja umeshika mrija, wa pili ukilikanda tumbo kutoka kulia kwenda kushoto, midomo ikihesabu kwa Kijaluo. Baada ya majuma machache tumbo lilikuwa limeshuka na mtoto anaomba ugali. Hata hivyo alihitaji kupasuliwa mara tatu, na kuishi kwa miezi na tundu la kutolea choo ubavuni, ilhali mtoto wa maradhi yale yale anayegunduliwa katika majuma ya mwanzo, utumbo wake ungali mwembamba, aghalabu hutoshwa na upasuaji mmoja unaofanywa kutokea chini bila kulifungua tumbo, kwa njia iliyotangazwa na matabibu wa Mexico mwaka 1998. Hiyo ndiyo bei ya swali ambalo halikuulizwa, na mtoto huyo ni katika waliosalimika. Wengine huuawa kabla ya mwaka mmoja na uvimbe mkali wa utumbo, wenye homa na choo kinachonuka, ambao huandikwa kuwa ni kuhara tu.

Rangi ya pili ni kijani. Matapishi ya maziwa kwa mtoto mchanga ni jambo la kawaida. Matapishi ya kijani, kama maji ya mboga iliyopondwa, ni jambo la hospitali, saa hiyo hiyo, usiku uwe au mchana. Maana yake ni kwamba nyongo iliyokwisha kumwagika utumboni imezuiwa kuendelea chini. Huenda utumbo haukujizungusha ipasavyo ulipokuwa ukirudi tumboni katika juma la 10 la mimba, ukabaki umening'inia kwenye shina jembamba, na sasa umejisokota kama kamba ya ndoo kisimani na kuibana mishipa yake ya damu. William Ladd wa Boston alionesha mwaka 1936 namna ya kuusokotoa na kulipanua shina lake, na upasuaji huo hauhitaji ala za ajabu, huhitaji saa. Mtoto akifika mapema huenda nyumbani na utumbo wake wote; akichelewa nusu siku, tunalifungua tumbo na kukuta utumbo mweusi usiofaa kitu, tukalifunga tena na kutoka kwenda kumtafutia mamaye maneno, nami sijayapata hata leo.

Rangi ya tatu ni nyeupe, nayo ndiyo yenye hila, kwa sababu mtoto wake hunenepa na kucheka. Macho yana manjano yaliyopita siku 14, mkojo umekoza, na choo kimepauka kama majivu au udongo wa kupakia nyumba. Jirani husema mtoto aoteshwe jua, na baadhi ya watumishi wa afya husema vivyo hivyo. Lakini manjano ya njia ya nyongo iliyozibika hayaondolewi na jua, na siku zinazotumiwa kuota jua ndizo siku ambazo ini huzigeuza kovu. Morio Kasai wa Japani, aliyetangaza upasuaji wake mwaka 1959, alitupa njia ya kuunganisha utumbo na ini ili nyongo ipate pa kupitia, lakini matumaini yake ni makubwa mtoto akipasuliwa kabla ya siku 60, na hupungua kila juma linalofuata. Taiwan waliwapa akina mama wote kadi yenye picha za rangi za choo, ili mama alinganishe mwenyewe. Nasi tunayo fursa iliyo wazi: kila mtoto wa Kenya huitwa kliniki kwa chanjo za juma la 6, yaani siku ya 42, zikiwa zimesalia siku 18 kabla ya mpaka huo. Swali moja tu juu ya rangi ya choo, likiulizwa kabla ya sindano, lingetosha.

Nisije nikafahamika kuwa nasema kila jambo adimu dawa yake ni kisu. Ukanda huu una historia yake katika elimu ya uvimbe wa watoto. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, mjini Kampala, mpasuaji Denis Burkitt alioneshwa mvulana mwenye uvimbe pande zote za taya. Mwaka uliofuata akaandika habari za ugonjwa huo, na mwaka 1961 akasafiri kwa gari maelfu ya maili katika Afrika Mashariki na Kusini akiuliza hospitali kwa hospitali, picha mkononi, hata akaona kwamba uvimbe huo umefuata joto na mvua, njia ile ile ya mbu. Watu wa Migori na Homa Bay wamo ndani ya ukanda huo. Hata leo mtoto wa huku mwenye meno yanayolegea na taya linalokua juma kwa juma hupelekwa kung'olewa meno, wakati ambapo kazi ya mpasuaji ni kuchukua kipande kidogo cha nyama kipimwe upesi, kisha amkabidhi kwa dawa, ambazo huuyeyusha uvimbe huo kwa namna inayostaajabisha. Burkitt hakuwa na mashine ya ziada. Alitazama, akauliza, akaandika.

Sasa nijibu dhana chache zinazoturudisha nyuma. Wako wasemao kwamba mtoto mchanga hahimili nusukaputi, basi angojewe akue; hao wasahau kwamba utumbo uliozibika haungoji, na kwamba mtoto aliyepashwa joto, akatiwa maji mshipani na mrija puani, huvuka upasuaji vizuri kuliko yule aliyengojewa mpaka akadhoofika. Wako wasemao kwamba tundu la kutolea choo tumboni ni aibu ya maisha. Kumbe kwa walio wengi ni daraja la kuvukia, hufungwa baada ya miezi, na ngozi ilindwapo vizuri mtoto hucheza na wenziwe. Wako wanaoamini kwamba kukata kipande cha nyama ili kipimwe hueneza ugonjwa. Ukweli ni kwamba bila kipande hicho tunapasua kwa kubahatisha. Na kuhusu chira na sihoho, sipendi kebehi inayotolewa juu ya wazazi wanaozitaja. Mzazi hutafuta sababu pale ambapo sisi hatukumpa sababu yoyote. Mama aliyeelezwa kwa mchoro kwamba chembe za neva zilikoma njiani katika miezi ya mwanzo ya mimba, huacha kujilaumu na kumlaumu mkwewe, naye huwa mwalimu wa kijiji kizima. Nyamrerwa naye, yaani mkunga wa jadi, ambaye mara nyingi ndiye wa kwanza kumwona mtoto, namhesabu kuwa mwenzetu: afundishwe rangi tatu, atatuletea watoto.

Lakini dhana kongwe kuliko zote ni ya sisi wenye vyeo, tunaposema kwamba hapatafanyika kitu mpaka kaunti ipate jengo kubwa na bingwa wa kudumu. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2021, uliofanywa katika hospitali 264 za nchi 74, ulionesha kwamba kati ya watoto waliozaliwa na hitilafu za tumbo na utumbo, walifariki asilimia 39.8 katika nchi maskini, 20.4 katika nchi za kipato cha kati, na 5.6 katika nchi tajiri. Majengo na mabingwa wana sehemu yao katika tofauti hiyo, nami nimewalilia kwa miaka. Lakini sehemu kubwa ni ya mtoto anayefika baridi, mkavu, na damu yake imekwisha kuingiwa na sumu. Huduma yetu imekuwa kama ule utumbo wa Hirschsprung: tunaitazama hospitali kubwa ya Kisumu iliyofurika, tukadhani ugonjwa uko pale kwenye msongamano, ilhali kizuizi kiko mbali, mahali pembamba palipotulia, pasipoingia katika taarifa ya mtu: zahanati isiyo na kanuni ukutani, mashua ya Mfangano isiyoondoka usiku, na barua ya rufaa inayopita Rongo, Kisii, Oyugis na Sondu mfukoni mwa baba, wala hapana aliyepiga simu mbele yake.

Tiba ninayoipendekeza haina fahari. Kwanza, mtoto yeyote asitoke mahali alipozaliwa kabla tundu lake la haja halijatazamwa kwa mwanga na kuhakikishwa, na saa ya choo chake cha kwanza haijaandikwa katika kijitabu cha mama na mtoto. Anayeruhusiwa mapema mno, mhamasishaji wa afya ya jamii, katika wale walioenezwa nchini tangu mwaka 2023, amfuate nyumbani kesho yake na kuuliza. Pili, kila zahanati ijue mambo ya kufanya kabla ya safari: mrija puani wa kulitoa tumbo hewa na matapishi, maji mshipani, mtoto ngozi kwa ngozi kifuani mwa mamaye, na yule ambaye matumbo yake yako nje, yasirudishwe kwa nguvu wala yasifungwe kwa pamba kavu, yatiwe ndani ya mfuko safi wa plastiki unaopenyeza mwanga, hata ule wa maji ya mshipani uliokatwa, naye alazwe kwa ubavu wa kulia ili mishipa isijipinde. Tatu, anayetuma mgonjwa azungumze kwa simu na anayempokea, kabla gari halijawashwa. Nne, hospitali za rufaa za Homa Bay na Migori ziwe na daktari na muuguzi waliofundishwa usafishaji wa utumbo, tundu la dharura la kutolea choo, na uchukuaji wa kipande cha nyama. Kazi hizo hufundishika, kama walivyoonesha wenzetu wa hospitali ya Kijabe, ambako wapasuaji wa watoto wa Kiafrika wamekuwa wakifunzwa kwa miaka mingi. Tano, kila kaunti iwe na daftari moja la watoto hawa, maana kisichohesabiwa hakitengewi fedha, na Mamlaka ya Afya ya Jamii haiwezi kulipia nauli na majuma ya kungoja ambayo haijui kuwa yapo.

Katika hayo yote, lililo rahisi kuliko mengine ndilo ninalolisimamia: karatasi moja, kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, Kijaluo na Kikuria, ibandikwe juu ya meza ya kuzalishia katika kila zahanati tangu Muhuru Bay hata Kosele. Choo cheusi kabla ya saa 24. Matapishi ya kijani, hospitali sasa hivi. Choo cheupe, usingoje jua. Huenda karatasi hiyo ikafifia, ikabadilishwa, ikafifia tena, na wakunga wawili wakastaafu chini yake bila kuihitaji. Kisha usiku mmoja wa mvua atazaliwa mtoto ambaye choo chake hakiji, na mkunga kijana ambaye hajapata kumwona mfano wake atainua macho ukutani, asome, na kushika simu.